Sanduku la Anko: Mfalme gani hapigi kodi?

Toleo lililopita niliandika kasentensi kamoja tu, tena pembeni huko, kwamba B.B. King, yule mzee wa blues wa Marekani na gita lake la umeme, alikuwa hapigi kodi, na akianza kuimba gita linanyamaza. Basi! Sijawahi kupata meseji nyingi hivi tangu nikabidhiwe hii safu. Wengine mmenitukana kistaarabu, wengine ustaarabu mmeuacha nyumbani. Sawa, leo ukurasa wote nampa yeye, tumalizane.

*Shikamoo Anko. Mimi napiga gita kwaya ya kanisani hapa Mwanza, nina miaka 22, kodi zote napiga na huku naimba sauti ya tatu. Sasa wewe unatuambia mtu anayeitwa mfalme hivyo viwili kwa pamoja vilimshinda? Mfalme gani huyo? Au umemchanganya na mtu mwingine. – Mcharazaji wa kwaya*

Marahaba mwanangu. Sijachanganya. Na kodi ninazosema ni za gita, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa mpigo mmoja, sio zile za TRA, maana kuna mmoja kaniuliza hivyo kweli kabisa. Mzee mwenyewe hakuwa anaficha, hata U2, ile bendi ya rock ya Ireland, walivyomwita kufanya naye wimbo mwaka 1987 aliwaambia mapema kwamba kodi siziwezi, hiyo kazi mpeni mtu mwingine, na wakampa mtu mwingine na wimbo ukatoka mzuri tu.

Sasa we jiulize, kama hapigi kodi anafanya nini pale mbele? Anaongea. Anaimba mstari mmoja, anafunga mdomo, halafu gita linajibu. Umeshakaa msibani ukasikia watu wawili wanasimulia habari za marehemu, mmoja akivuta pumzi mwenzake anadakia pale pale? Ndio hivyo. Sauti na gita havigombani kwa sababu haviongei kwa wakati mmoja, na nyuma yake kuna kinanda, kuna besi, kuna drams na matarumbeta, hao ndio wanabeba kodi. Sisi tuliokulia kwenye dansi hili tunalielewa haraka, bendi zetu mpiga solo ni mtu wake na mpiga rizimu ni mtu wake, na hakuna aliyewahi kumuuliza Dr Nico, yule mpiga solo wa Kongo, mbona rizimu hupigi.

Ila ilianzia wapi, hapo ndipo patamu. Jina lake ni Riley, kazaliwa tarehe 16 Septemba 1925 huko Berclair, karibu na Itta Bena, jimbo la Mississippi, kwenye mashamba ya pamba. Wazazi wakaachana akiwa mdogo, hajafika hata miaka 10 mama akafariki, bibi aliyebaki kumlea naye akafariki 1940. Akabaki mtoto wa shamba. Kule watoto walikuwa wanatoa waya kwenye ufagio wanaupigilia ukutani unakuwa gita la uzi mmoja, we hapo umekumbuka zile za kwetu za galoni na waya za breki za baiskeli au sio? Na kanisani mchungaji wao alikuwa anapiga gita, tena la umeme, kwa hiyo wewe wa kwaya usimdharau mwenzako, katokea huko huko kwako. Gita lake la kwanza la maana alilinunua dola 15.

Halafu kuna binamu ya mama yake, Bukka White, huyu alikuwa anapiga slaidi, yaani unateleza na kipande cha chuma juu ya nyuzi badala ya kubonyeza, sauti inalia inapanda na kushuka kama mtu. Riley akaipenda sauti ile mpaka basi. Akajaribu. Ikamshinda! Alikuwa anasema vidole vyake vijinga. Sasa akawa anaitafuta ile sauti kwa kidole kitupu, anabonyeza uzi anautikisa, anautikisa, mpaka uzi ukaanza kulia. Ile mitetemo ambayo leo mpiga gita yeyote wa dunia hii akiisikia anasema huyu B.B., imetoka hapo, kwenye kushindwa kumuiga binamu. Kwa hiyo kodi zilimshinda, slaidi ikamshinda, kuimba na kupiga kwa pamoja kukamshinda, na ukiondoa hayo matatu ndio unapata B.B. King. Wewe endelea na sauti yako ya tatu.

*Hujambo kaka Anko. Mume wangu juzi kalipatia gita lake jina, la kike. Nikimuuliza ananiambia hata B.B. King alifanya hivyo, gita lake aliliita Lucille. Naomba kujua huyo Lucille alikuwa nani yake. – Mama wawili, Tanga*

Sijambo mama. Hakuwa mtu wake, hata kidogo, na mumeo mwambie asome hadithi yote.

Ilikuwa 1949, kipindi cha baridi, kijiji kinaitwa Twist, jimbo la Arkansas. Ukumbi wa dansi wa mbao. Katikati ya ukumbi wameweka pipa, nusu lina mafuta ya taa, wamewasha, ndio hita yenyewe hiyo, na watu wanacheza kulizunguka. Wanaume wawili wakaanza kugombana, wakasukumana, wakaliangukia pipa, mafuta yakamwagika sakafuni na moto ukakimbia nayo. Watu wote mlangoni, na B.B. pamoja nao. Kufika nje anakumbuka gita limebaki ndani. Gita la dola 30 mama! Akarudi ndani ya moto kulichukua, na kidogo tu asitoke maana jengo lilikuwa linaanguka. Watu wawili walikufa usiku ule. Kesho yake ndio anasikia wale jamaa walikuwa wanamgombania mwanamke aliyekuwa anafanya kazi pale pale ukumbini, jina lake Lucille. Akaliita gita jina hilo ili ajikumbushe asirudie tena ujinga kama ule, wa kuingia kwenye moto na wa kupigana kwa ajili ya mwanamke. Na kila gita alilopata baada ya hapo likawa Lucille, na yalikuwa mengi.

Kwa hiyo ni jina la onyo. Mumeo kama ana maelezo ya aina hiyo mimi niko upande wake, kama hana, kikao kifanyike. Ingawa nikisema ukweli B.B. mwenyewe sio mfano mzuri wa mambo ya nyumbani, alioa mara mbili na ndoa zote zikavunjika, maana mtu hakai. Mwaka 1956 peke yake alipiga shoo 342. Toa kwenye 366, maana ulikuwa mwaka mrefu, uone alilala nyumbani siku ngapi.

*Anko eti B.B. King, Albert King na Freddie King ni ndugu? Na Martin Luther King je? – Mbishi wa kijiweni, Dodoma*

Hapana, hapana, na hapana. Watatu wa gita wamekutana jina tu. Albert ndiye aliyekuwa anajitangazia kwamba ni ndugu ya B.B. kwa baba, mpaka na yeye gita lake akaliita Lucy, B.B. akakana. Albert alikuwa anatumia mkono wa kushoto na gita kaligeuza juu chini, akivuta uzi anauvuta kwenda chini, kwa hiyo hata masikio yako yanaweza kuwatofautisha, yeye anavuta kwa nguvu kama anang'oa muhogo. Freddie ni wa Texas, ana haraka na ana kelele kidogo, namkubali sana, siku yake itafika. Kijiweni waambie wakulipe soda.

*Bonjour mukubwa. Miye niko muntu ya Lubumbashi. Baba yangu alikuaka anasema B.B. King alikuya Kinshasa mu wakati ya Mobutu, bantu banasema ni bongo. Njo kweli? – Mutoto wa Katanga*

Baba yako hakudanganya, na wanaobisha waambie Anko kasema! Septemba 1974, Kinshasa, uwanja wa Stade du 20 Mai. Ilikuwa ni lile pambano la Muhammad Ali na George Foreman, wakaamua liambatane na tamasha la muziki la siku 3, kuanzia tarehe 22 mpaka 24, waandaaji Hugh Masekela wa Afrika Kusini na mwenzake Stewart Levine. Ngumi zilikuwa zifuate pale pale, ila Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini na pambano likasogezwa mpaka tarehe 30 Oktoba. Wanamuziki walikuwa wameshafika, utawarudisha vipi? Tamasha likaendelea bila ngumi.

Hebu soma hii orodha polepole: James Brown, B.B. King, Bill Withers, Celia Cruz na Fania All-Stars, Miriam Makeba, halafu wenyeji Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley na Afrisa. Jukwaa moja! Mimi nikifikiria nywele zinasimama. Mtu aliyetoka kwenye pamba ya Mississippi anapanda jukwaani na Lucille, mbele ya watu ambao kwao gita la umeme ndio chakula cha kila siku, watu wa Kinshasa huwadanganyi kwa gita, wamelelewa na Dr Nico na Franco. Shoo yake ilirekodiwa na picha zipo. Angalia utaona jamaa anapiga taratibu kabisa, hamkimbilii mtu, wakati rumba ya wenyeji gita linatiririka kama maji ya bomba lililokatika. Yeye noti moja, anaiacha ikae, anakunja uso kama kang'ata limau, ndio anatafuta ya pili.

*Sasa Anko, niko Nakuru. Nimenunua gita ya umeme, ya mtumba. Nikipiga noti inakufa hapo hapo kama mshumaa kwa upepo. Ya B.B. King inakaa ikitetemeka. Alikuwa anatumia pedali gani, na naweza pata ya bei gani? – Beginner*

Poa sana kijana wangu. Pesa yako weka mfukoni, sio pedali, yaani kale kasanduku ka miguuni ka kubadilisha sauti, ni kidole. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake ilikuwa ni waya mmoja tu, gita mpaka ampu, ile mashine ya kukuza sauti, basi.

Sasa fuata. Chukua ufunguo wa A. Uzi wa pili kutoka chini, ule mwembamba wa pili, bonyeza freti ya 10 (freti ni vile vigawanyo vya chuma vya shingoni) kwa kidole cha shahada, hiyo ndio A yako, ndio nyumbani. Ukienda freti ya 12 kwenye uzi huo huo unaweza kuuvuta juu ukalia. Uzi wa kwanza una freti ya 10 na ya 12. Uzi wa tatu una freti ya 11. Hapo una noti kama tano na hujahamisha mkono, na wapiga gita dunia nzima hako kaeneo wanakaita boksi la B.B. kwa sababu alikuwa anakaa humo usiku kucha na hachoshi mtu. Kuna watu wana shingo nzima ya gita freti 22 na hawana la kusema.

Mtetemo wenyewe sasa. Rudi nyumbani freti ya 10. Bonyeza, piga, halafu kile kidole gumba kinachoshika shingo kwa nyuma KIACHIE. Gita linabaki limening'inia kwenye mkanda na kwenye ncha ya kidole kimoja. Vidole vingine vitatu vikunjue vikae hewani, halafu zungusha kiwiko na kiganja kama unafungua na kufunga kitasa cha mlango haraka haraka. Usisukume uzi kwa kidole, mkono mzima ndio unazunguka na kidole ni mhimili tu. Ukipatia, vidole vinapepea kama kipepeo kwenye ua, ndio utajua umefika. Usipopatia uzi unatoa sauti ya mbuzi, usijali, wote tulianzia kwa mbuzi.

Mimi nilijifunza kwa kaseti, narudisha nyuma kwa kalamu kuokoa betri, mpaka ncha ya kidole ikatoka lengelenge, likapasuka, likaota sugu. Halafu nikaenda kufanyiwa majaribio kwenye bendi moja, jina silitaji, nikapewa nafasi ya solo, nikapiga noti moja nikaitikisa kwa hisia zote huku nimefumba macho. Kufumbua kiongozi wa bendi ananiuliza, gita limekwama? Sikuchukuliwa.

Ya kwako kufa haraka yaweza kuwa nyuzi zimechoka, za mtumba zile zina kutu ya miaka, badilisha. Yeye uzi wa kwanza alikuwa anatumia wa unene wa namba 10. Na gita zake zilikuwa Gibson za familia ya ES-355, zile zenye tumbo wazi kidogo ndani na matobo mawili mbele kama fidla. Tatizo lake ukifungua ampu zinapiga fidibaki, unasikia linapiga yowe lenyewe, sasa mzee alikuwa anajaza vitambaa ndani ya matobo, na mwaka 1980 Gibson wakaamua kumtengenezea Lucille isiyo na matobo kabisa. Tambara lako la jikoni linaweza kufanya kazi hiyo hiyo leo.

*Mimi hizi blues zinanichosha kusema kweli. Mstari mmoja mtu anaurudia mara mbili kama kasahau alichosema, halafu wote wanalia tu, na mchungaji wetu anasema ni nyimbo za shetani. – Asiyependa, Morogoro*

Kurudia ndio mtindo wenyewe ndugu yangu. Wimbo wa blues wa kawaida una mzunguko wa baa 12 (vipande vya mapigo ya muziki hivyo, kaa chini) na kodi tatu tu. Unasema mstari, unausema tena, halafu wa tatu unatoa jibu au unaleta mzaha. Ule wa pili unampa msikilizaji muda wa kukisia na unampa mwimbaji muda wa kutunga, na kwa B.B. mwisho wa kila mstari kuna nafasi ya Lucille. Na sio wote wanalia bwana, nyingi ni za vichekesho vya mapenzi, majigambo, fumbo juu ya fumbo, wewe wa Morogoro uliyezaliwa mji wa Mbaraka Mwinshehe fumbo la wimbo likushinde?

Kuhusu shetani, mzee alikuwa na kisa chake. Enzi za ujana anapiga gita pembeni ya barabara mji wa Indianola, huko huko Mississippi. Akipiga wimbo wa injili watu wanamshika kichwa, wanamwambia hongera mwanangu Mungu akubariki, wanaondoka. Akipiga blues, wale wale, wanatoa hela. Wakati mwingine na bia juu. Kijana wa pamba akapiga hesabu zake.

Halafu 1946 akaharibu trekta la bosi, alishuka halijatulia likajigonga bomba la moshi likavunjika, akaogopa akakimbilia Memphis, jimbo la Tennessee, na gita na dola 2 na nusu mfukoni. Baadaye alirudi akalilipa, hili napenda kulisema. Mwaka 1948 akaenda tena Memphis, safari hii kuhamia kabisa, akapata kazi redio WDIA, ile iliyokuwa na watangazaji na vipindi vya watu weusi, akitangaza dawa fulani ya nguvu na kupiga gita katikati. Wakamwita Blues Boy wa mtaa wa Beale, likafupishwa likabaki B.B. Wimbo wake wa "3 O'Clock Blues" ukashika namba moja kwenye chati za R&B (muziki wa watu weusi wa Marekani) mwanzoni mwa 1952, na hapo ndio maisha ya kuzunguka kwa basi yakaanza.

Unajua lakini kilichomuuma sio wachungaji, ni vijana weusi wenzake. Miaka ya 60 kuna waliokuwa wanamzomea, blues waliiona ni mambo ya utumwa na mashamba, wao wanataka muziki wa soul. Halafu 1967 anapelekwa Fillmore, San Francisco, anashuka kwenye basi anakuta foleni ya watoto wa kizungu wenye nywele ndefu, akajua dereva kakosea ukumbi. Kuingia jukwaani, kabla hajapiga hata noti, wote wakasimama wanampigia makofi. Akalia pale pale jukwaani. Kwa hiyo wewe kuchoshwa nae sio wa kwanza, alishazoea, mimi ndio nimechukia kidogo.

*Habari Anko, nimemjua B.B. King kwenye safu yako, nianze na ipi? Bando langu ni dogo. – Mwanafunzi, Iringa*

Nzuri. Anza na albamu ya Live at the Regal, imerekodiwa Chicago tarehe 21 Novemba 1964, mbele ya watu wake, wanawake wanapiga vigelegele katikati ya mistari utafikiri uko harusini. Usiisikilize kwa spika ya simu, tafuta hata earphone ya elfu tatu. Halafu "The Thrill Is Gone" ya mwisho wa 1969, ile iliyompa tuzo ya Grammy ya kwanza, jumla alikuja kuwa nazo 15. Hapo kuna vinanda na fidla nyuma kama ukungu na gita linakuja tone tone. Bando likibaki, tafuta ile aliyopiga gereza la Cook County 1970. Na angalia video za uzeeni, sukari imeshamsumbua miaka mingi, anapiga amekaa kwenye kiti, noti zimepungua zaidi ya zile chache za zamani, mwili mzima umekaa ila kile kidole bado kinapepea. Alipiga hivyo mpaka Oktoba 2014, akaugua akakatisha ziara, na tarehe 14 Mei 2015 akafariki Las Vegas, miaka 89. Kazikwa Indianola, pale kwenye makumbusho yake, mji ule ule wa bia za barabarani.

Nafasi imeisha. Wa Nakuru nitumie sauti ukishavuka hatua ya mbuzi. Na mama wa Tanga, nimerudia meseji yako mara tatu, hukututajia jina lenyewe la hilo gita. Tunasubiri.